Mtandao Unasema Saa Tano, Tiketi Inasema Kumi na Mbili

Leo naanza moja kwa moja na barua ya mdogo wetu wa Buswelu, maana swali lake si lake peke yake. Dada yake ameolewa Oman, anaishi Seeb, pale pale pembeni ya Muscat, na amekaribia kujifungua. Familia imekaa kikao, imeamua yeye ndiye aende kumshika mkono. Hajawahi kupanda ndege. Akaingia kwenye simu, akaandika Mwanza, akaandika Muscat, akajibiwa: kilomita 4,000 hivi, muda wa kuruka saa tano na ushei. Wakala wa tiketi naye akamletea safari ya karibu saa kumi na mbili, inayopitia Dar es Salaam. Swali lake ni fupi: "Dada, nimepigwa?"

Hujapigwa, mdogo wangu. Wote wawili wamekwambia kweli, ila kila mmoja amejibu swali lake.

Simu imepima mstari ulionyooka kutoka uwanja wetu wa Ilemela hadi uwanja wa Muscat, kama vile ndege angepaa kwa mabawa yake mwenyewe. Kisha imegawanya kilomita hizo kwa mwendo wa ndege kubwa ya abiria, ambao ni kama kilomita 800 hadi 900 kwa saa, ikaongeza kidogo kwa ajili ya kupaa na kutua. Haikujali kama kuna shirika lolote linalopita njia hiyo. Na halipo. Abiria wa Mwanza anayekwenda Muscat lazima aunganishe, na wengi wetu tunaunganishia Dar.

Sasa niwaonyeshe jambo ambalo wengi hawalijui. Mwanza hadi Muscat ni takriban kilomita 4,000. Dar es Salaam hadi Muscat nako ni takriban kilomita 4,000. Sisi tuko magharibi zaidi, lakini pia tuko kaskazini zaidi, kwa hiyo kimoja kinafidia kingine. Maana yake ni kwamba zile kilomita 850 unazoruka kutoka Mwanza kwenda Dar hazikusogezi Muscat hata hatua moja. Unatumia saa moja na nusu angani, unatua, na bado umebakiwa na safari ileile uliyokuwa nayo wakati umekaa sebuleni Buswelu. Ukienda Dubai hesabu ni hiyohiyo: kutoka Mwanza karibu kilomita 3,900, kutoka Dar karibu 4,000.

Hili linaniuma, siwafichi. Mji wetu si kijiji. Na zamani Mwanza ilikuwa kwenye ramani ya safari ndefu kuliko watu wanavyodhani. Februari 1931, shirika la Uingereza lililoitwa Imperial Airways lilipoanzisha huduma ya kila wiki kutoka London kuja upande huu wa Afrika, kituo cha mwisho kilikuwa Mwanza. Haikuwa Nairobi, haikuwa Dar. Njiani walibadilisha vyombo: ndege za nchi kavu, treni, na zile ndege zinazotua majini. Ilikuwa safari ya kuhesabu siku. Mwaka uliofuata njia ikarefushwa hadi Cape Town, na Mwanza ikawa kituo cha kupita. Leo London iko kilomita kama 6,800 kutoka hapa kwa mstari wa moja kwa moja, na mtu wa Kirumba anayetaka kwenda huko anaanza kwa kurudi baharini au kuvuka mpaka kwenda Nairobi. Wenye mamlaka ya usafiri wa anga wakituambia uwanja wetu unakua, tuwaulize bila woga: lini utakua hadi tuwe tunatoka nje ya nchi kutokea hapa hapa?

Lakini wewe una safari mwezi huu, kwa hiyo turudi kwenye tiketi yako.

Ninachotaka ukishike ni hiki: acha kuuliza kilomita, uliza mlango hadi mlango. Sisi watu wa ziwa tulipaswa kulijua hili kabla ya wengine. Kutoka Kigongo hadi Busisi ni kilomita 3 tu na kidogo, lakini kwa miaka mingi watu wa Sengerema na Geita walikaa kwenye foleni ya kivuko hata zaidi ya saa moja, wagonjwa ndani ya magari, mizigo ikiharibika. Daraja la J.P. Magufuli lilipofunguliwa Juni 2025, kilomita zilibaki zilezile, muda ukawa dakika chache. Na mtu wa Ukerewe anaiona Mwanza iko karibu, ila meli ya Nansio inamla zaidi ya saa tatu na haimsubiri.

Basi tufanye hesabu yako kwa mlango. Chukua tiketi ya mfano. Mstari wa kwanza umeandikwa MWZ 10:15, DAR 11:45. Mstari wa pili DAR 16:50, MCT 23:05. Hizo herufi tatu tatu ni majina ya viwanja: Mwanza, Dar, Muscat. Saa zilizoandikwa ni za mfumo wa saa 24, kwa hiyo ondoa sita, na jibu likizidi kumi na mbili ondoa tena kumi na mbili, upate saa yetu: 10:15 ni saa nne na robo asubuhi; 16:50 ni saa kumi na dakika hamsini jioni; 23:05 ni saa tano na dakika tano usiku.

Halafu angalia vizuri hapa. Kila saa kwenye tiketi ni saa ya mji wenyewe. Muscat wako mbele yetu kwa saa moja. Kwa hiyo ile 16:50 hadi 23:05, ambayo ukiihesabu kwa vidole inakuja saa sita na robo, kwa kweli ni saa tano na robo za kukaa kwenye kiti. Anayekwenda Guangzhou hili linamchanganya zaidi, maana China wako mbele kwa saa tano. Ndege inayoondoka Dar saa nane mchana na kufika saa kumi na moja alfajiri inaonekana imeruka saa kumi na tano, kumbe ni kumi. Kwenye tiketi ya namna hiyo utaona alama ndogo ya +1 pembeni ya saa ya kufika. Maana yake ni kesho yake. Mwambie anayekuja kukupokea tarehe ya kufika, usimpe ya kuondoka.

Haya, tuanze Buswelu. Ndege ya saa nne na robo inakutaka uwanjani kama saa mbili na robo, kwa hiyo unatoka nyumbani saa moja na nusu asubuhi. Saa sita kasorobo uko Dar. Unasubiri begi, unahama jengo, unakaa, unaondoka jioni. Unatua Muscat, unapita uhamiaji, unachukua mzigo, shemeji anakupeleka Seeb, unagonga mlango wa dada saa sita na nusu usiku kwa saa za kule. Kwa saa za Mwanza ni saa tano na nusu. Umetumia saa kumi na sita kamili. Angani ulikuwa chini ya saa saba. Zilizobaki zaidi ya tisa ni foleni, kusubiri na barabara, na hizo ndizo zinazomchosha mtu. Jiandae kwa saa kumi na sita, usijiandae kwa tano. Beba mtandio au koti jepesi, beba kitafunwa cha Dar, chaji simu usiku wa kuamkia safari.

Kuna kosa moja kuhusu tarehe ambalo nimeona likiwaliza watu wazima, kwa hiyo nalisema polepole. Baadhi ya ndege za kimataifa huondoka Dar usiku wa manane. Ukiona tiketi imeandikwa tarehe 15, saa 01:25, hiyo ni saa saba na dakika 25 za usiku wa kuamkia tarehe 15. Unatakiwa uwe uwanjani tarehe 14, saa nne na nusu usiku. Ukilala tarehe 14 ukasema "kesho ndiyo safari", utaamka ndege imeshatua Arabuni. Andika kwenye karatasi kwa maneno yetu: "Tarehe 14 usiku, saa nne na nusu, niwe uwanjani." Bandika mlangoni.

Sasa suala la tiketi mbili. Hapa nakuomba usikilize hata kama kuna mtu amekwambia ana njia ya bei nafuu.

Kuna tiketi moja yenye vipande viwili, na kuna tiketi mbili tofauti. Tiketi moja ina namba moja ya nafasi, ile ya herufi na tarakimu sita, inayobeba safari yote kuanzia Mwanza hadi Muscat. Ndege ya kwanza ikichelewa ukaikosa ya pili, waliokuuzia wanawajibika kukutafutia nyingine. Tiketi mbili tofauti maana yake ni kwamba shirika la pili halikujui na halijui ulikuwa unatokea wapi. Umechelewa kwa sababu ya mvua ya Mwanza? Kwao wewe ni abiria ambaye hakutokea, na kaunta za safari za nje kwa kawaida hufungwa dakika 60 kabla ya ndege kuondoka. Nauli imeteketea. Nimeshuhudia binti wa watu amekaa juu ya sanduku pale Dar, analia, simu mkononi, hana wa kumpigia ila wakala ambaye hapokei. Alikuwa ameokoa pesa kidogo kwa kununua vipande viwili, na kati ya kimoja na kingine aliachiwa saa mbili tu.

Saa mbili hazitoshi pale. Ndege nyingi za ndani hutua Jengo la Pili, za nje huondokea Jengo la Tatu, lile kubwa lililoanza kazi mwaka 2019. Ni majengo mawili yenye barabara kati yake, si korido ya kuvuka na kibegi. Ukiwa na masanduku unahitaji gari. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu, na sitaupunguza: kama ni tiketi moja, isome uone wamekuachia muda gani, ukiwa chini ya saa tatu muulize wakala sababu. Kama ni mbili tofauti, zisipungue saa tano au sita kati yake. Kama ndugu wapo Dar, nenda siku moja kabla ukalale kwao. Usiku mmoja Mbagala kwa shangazi ni bora kuliko tiketi iliyopotea.

Wanaokwenda Dar kwa basi ili kubana matumizi, siwalaumu. Barabara ni zaidi ya kilomita 1,100, na siku hizi mabasi yanatembea usiku. Ila basi la kulala njiani na ndege ya siku hiyohiyo visipangwe pamoja hata kidogo. Tairi moja likipasuka Singida, safari ya Muscat imekwisha.

Wengine wananiuliza kuhusu Nairobi. Ni kweli iko karibu nasi kuliko Dar, kama kilomita 460 kwa mstari wa angani, na inaelekea kaskazini mashariki tunakotaka kwenda. Ukiipata tiketi moja inayopitia huko, kwa bei inayofanana, ichukue. Kwa basi la Sirari hesabu siku nzima au usiku mzima, mpaka ndani yake, na ubebe kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Kwa mtu wa mara ya kwanza, peke yake, na masanduku, mimi nasema pitia Dar, ambako polisi, mhudumu na dereva wote unaongea nao Kiswahili chako.

Nilitaja mvua. Mvua za radi za ziwa letu hupenda usiku wa manane hadi asubuhi, wakati upepo wa nchi kavu kutoka pande zote unapokutana juu ya maji. Ndiyo maana ndege ya alfajiri, hasa kuanzia Oktoba hadi Desemba na tena Machi hadi Mei, inaweza kukaa chini ikisubiri mawingu yapite. Nawasikia watu wanavyowafokea wahudumu pale uwanjani. Wadogo zangu, sisi wa Kanda ya Ziwa hatujasahau tarehe 6 Novemba 2022, ndege iliyotoka Dar ilipoanguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, tukazika watu 19. Rubani akisema anasubiri hali ya hewa itulie, mwache asubiri. Kazi yako ni kuweka nafasi ya kutosha kwenye ratiba ili subira yake isikugharimu.

Na ucheleweshaji hautoki mvuani tu. Juni 2025 baadhi ya nchi za Ghuba zilifunga anga zao kwa saa kadhaa kwa sababu ya vita, na abiria wakakwama viwanja vingi duniani. Hakuna aliyepanga hilo. Kwa hiyo usipange kufika Seeb siku ileile daktari aliyomwambia dada yako. Mtoto hana kalenda. Fika wiki mbili kabla. Muulize dada ile viza ya matembezi aliyokuombea inadumu siku ngapi, mhesabu pamoja, ili isikuishie wakati ndiyo kwanza mtoto ana siku kumi. Pasipoti nayo iwe imebakiza angalau miezi sita. Kama huna, nenda Uhamiaji sasa. Ada ni shilingi 150,000, na usilipe wiki ya mwisho kwa kuhangaika.

Mizigo. Najua mama ameshaanza kukausha sato na kununua dagaa. Peleka, dada yako atafurahi kuliko dhahabu. Ila dagaa wafungwe hivi: wakauke kabisa juani, kisha mfuko wa nailoni mzito, ufungwe, mfuko wa pili, halafu ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliozungushiwa utepe wa gundi, na ndoo ndani ya begi katikati ya nguo. Usiweke kwenye begi la mkononi. Harufu itakusumbua wewe na jirani yako kwa saa tano na robo. Dada aulize kwanza kule wanaruhusu nini kuingia. Pima begi nyumbani. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ndege ya ndani inaweza kukuruhusu kilo chache kuliko ile ya nje, na ziada utalipia hapa Mwanza kabla hata hujapaa.

Pale kaunta ya Mwanza, wanapofunga karatasi kwenye mkono wa begi, iangalie kwa macho yako. Ikiandikwa MCT, begi linakwenda hadi Muscat. Ikiandikwa DAR, utalichukua mwenyewe Dar. Uliza kwa sauti: "Begi langu nalichukulia wapi?" Ni swali la sekunde tano, na hakuna mhudumu anayekasirika kuulizwa.

Neno kwa wale mlioniandikia kuhusu kwenda Oman kufanya kazi za ndani. Kwenu umbali si ule wa kwenda, ni ule wa kurudi. Viza ya matembezi si viza ya kazi, hata wakala akiapa. Mkataba usomeni mngali Mwanza, si Muscat. Ulizeni ofisi ya serikali ya huduma za ajira kama wakala aliyewafuata anatambulika. Nakala ya pasipoti, mkataba na anwani ya mwajiri muachie mtu mmoja nyumbani anayejua kusoma na anayepokea simu. Namba ya ubalozi wetu wa Muscat iandike kwenye karatasi, si kwenye simu tu, maana simu inaweza kunyang'anywa. Anayewaharakisha msisome, muacheni.

Nikurudie, mdogo wangu wa Buswelu. Lipa tiketi hiyo ya saa kumi na mbili kama ni tiketi moja. Saa tano za Dar zisikutishe, ni nzuri: utakula, utaswali, utapumzisha miguu. Ukiwa angani inuka utembee kidogo kila baada ya muda, unywe maji. Ukifika mpigie mama hata kama ni usiku, maana hatalala hadi asikie sauti yako.

Nanyi mliokwisha kusafiri kutoka kanda hii kwenda mbali, Guangzhou kufuata bidhaa za maduka ya Makoroboi, Dubai, London, hata Mumbai kwa matibabu, niandikieni. Msinitumie kilomita. Nitumieni saa mliyofunga mlango wa nyumbani, saa mliyofungua mlango wa kule, na mahali mlipokwama katikati. Nitazikusanya barua zenu na kuzichapa hapa, ili anayesafiri mara ya kwanza ajue kinachomsubiri kabla hajalipa.